Kila Siku "Nzuri": Maisha ya Mwalimu wa Kibongo Japani Ambayo Hayapo Kwenye Picha

Picha yenyewe ni kali, hakuna ubishi. Dada kasimama chini ya mti wa sakura, maua ya pinki mpaka juu, koti refu, tabasamu la meno yote. Chini ameandika maneno mawili tu: "Sensei life". Laiki zilipita mia tisa. Washkaji wa chuo wakamwagika na moto na makopakopa, mama zake wadogo wakaandika "Mungu ni mwema", na jamaa mmoja aliyewahi kumtosa akaibuka na "Hongera sana, hujambo lakini?"

Kitu ambacho picha haikuonesha ni kwamba siku hiyo, mwanzoni mwa Aprili 2023, dada alikuwa na yeni 30,000 za kumfikisha mwisho wa Mei. Kazi alishaanza, lakini kampuni iliyomwajiri inalipa mshahara wa mwezi huu mwisho wa mwezi unaofuata. Nauli ya ndege alijilipia mwenyewe: nusu mkopo wa VICOBA ya mama yake, nusu akiba ya miaka minne ya kufundisha shule ya inglish midiam Dar. Akala wali na mayai, mayai na wali, akaendelea kuposti.

Na hapo ndipo stori yote ilipoanzia.

Mtoto wa Tandika, mwalimu wa Saitama

Japani wanaitwa ALT, yaani mwalimu msaidizi wa lugha. Serikali ya kule ilianzisha mpango wake mkubwa wa kuleta vijana wa nje, JET, mwaka 1987. Siku hizi shule nyingi hupata walimu kupitia kampuni za kati: kampuni inakuajiri, halafu inakupeleka shuleni. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili darasa la tano na la sita, na darasa la tatu na la nne wanakigusagusa kwa michezo na nyimbo. Kwa hiyo kazi zipo. Ila kuzipata si kwa kubahatisha.

Yeye alikuwa na digrii ya ualimu. Juu ya hiyo kampuni ilitaka aoneshe kwamba amesomeshwa kwa Kiingereza miaka isiyopungua 12. Akahesabu: darasa la kwanza mpaka la saba inglish midiam, kidato cha kwanza mpaka cha sita, jumla 13. Akafukua vyeti vyote, akapiga muhuri kila palipohitaji muhuri, akafanya usaili kwa video usiku huku feni imezimwa isije ikapiga kelele. Miezi saba baadaye akawa Saitama, kaskazini mwa Tokyo, kwenye mji mdogo karibu na Kumagaya.

Kumagaya ndiyo ile iliyofika nyuzijoto 41.1 mwaka 2018. Yaani mtoto wa Dar, aliyezoea joto la Desemba, alikutana na Julai ya kule akakaa kimya. Hakuna upepo wa bahari. Nyenje wanalia kutwa nzima. Mama alipouliza, "Huko baridi eti?" akajibu, "Kawaida tu mama, nzuri."

Hilo neno "nzuri" liweke pembeni, tutalirudia.

Pole na kazi, kwa Kijapani

Asubuhi kabla ya saa mbili na robo anakuwa shuleni. Mlangoni anavua viatu vya nje, anavaa vya ndani. Anawasalimia walimu wote kwa sauti, maana kuingia kimya ni kama kupita mbele ya wazee bila shikamoo. Jioni akitoka anaomba radhi kwamba anatangulia, na wao wanamjibu *otsukaresama*. Wageni wengi hupata tabu kulitafsiri hilo neno. Yeye hakupata tabu hata sekunde moja: ni pole na kazi. Basi. Neno la kwanza la Kijapani lililomkalia mdomoni kama la kwao.

Mchana watoto wenyewe wanavaa aproni na kofia nyeupe, wanapakuliana chakula, na mwalimu anakula darasani pamoja nao. Baada ya hapo wanafagia na kufuta sakafu wenyewe. Alipomhadithia mama yake kwamba shule zao watoto ndio wanaodeki, mama akacheka: "Sasa hapo tofauti na shule yenu ya msingi iko wapi?" Kweli, tofauti ni kwamba kule hawachapwi kwa kuchelewa na fagio.

Darasani sasa. Kuna siku anaongoza kipindi mwenyewe, watoto wanaruka, wanacheza karata za wanyama, raha tupu. Na kuna siku mwalimu mwenyeji anashika chaki, yeye anasimama pembeni kama redio. Mwalimu anamwangalia, yeye anasema "apple". Darasa zima: "Apple." Anasema "umbrella". Darasa: "Umbrella." Dakika 45 zinaisha. Digrii ya ualimu, miaka minne kazini, na leo amesoma orodha ya matunda.

Maswali yapo. Simba anaonekana dirishani kwenu? Nywele zako ni za kweli? Wa darasa la kwanza hawaulizi, wanagusa tu. Kwenye treni viti vinajaa vyote, cha pembeni yake kinabaki kitupu vituo vitatu. Mwanzo aliumia. Siku hizi anaweka begi lake hapo, halafu akiona bibi mzee ameingia analiondoa haraka.

Takataka ndiyo ilimtoa jasho. Za kuchomwa na siku yake, plastiki na siku yake, chupa ivuliwe kizibo na karatasi ndipo itupwe. Mwezi wa kwanza mfuko wake ulibaki barabarani peke yake, umebandikwa stika, kama mtoto aliyefukuzwa ada. Bibi wa jirani akaja, hakusema kitu, akamfundisha kwa vidole siku ipi ni ipi. Kesho yake dada akampelekea maandazi.

Saa ya ukutani inayosema Kiswahili

Japani iko mbele ya Tanzania kwa masaa sita. Siku moja akiwa ofisi ya walimu aligundua kitu. Saa ya ukutani ilionesha moja ya mchana, na muda huohuo Tandika ilikuwa saa moja asubuhi. Akafikiri tena. Ikionesha nne jioni, nyumbani ni saa nne asubuhi. Ikionesha kumi usiku, nyumbani saa kumi jioni, watu wanatoka kuswali alasiri. Yaani saa yoyote ya Japani, ukiisoma namba kama ilivyo, inakutajia saa ya nyumbani kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo hajapiga hesabu tena. Akiinua macho darasani anajua kabisa: sasa hivi mama anakoka jiko, sasa hivi mtoto wa mama mdogo anafungua meza yake ya kava za simu Kariakoo.

Kwa hiyo alikuwa nao saa zote. Ila wao hawakuwa naye. Hawakujua chochote.

Hesabu ambazo haziendi stetasi

Mshahara wake kwa mwezi ni yeni 230,000. Toa bima ya afya, pensheni na kodi, inabaki kama 182,000. Kwa pesa ya Kitanzania ni kama milioni tatu, na kusema kweli, Dar hakuwahi kuishika pesa hiyo. Lakini hakai Dar. Chumba chake, kitanda na jiko vinatazamana, ni 52,000. Umeme, gesi, maji, simu, treni, chakula. Anatuma nyumbani 40,000 kila mwezi, haruki.

Mwaka 2023 anafika, hiyo 40,000 ilikuwa inakaribia dola 300. Katikati ya 2024 yeni ikaporomoka mpaka dola moja ikawa 160, na 40,000 ileile ikawa dola 250. Mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona imepungua?" Haikuwa imepungua. Ilikuwa ileile.

Juni 2024 ikaja bahasha ya halmashauri. Kule kuna kodi ya ukazi ambayo inapigiwa hesabu ya kipato cha mwaka uliopita, kwa hiyo mgeni mwaka wa kwanza haioni, mwaka wa pili inamkuta amejisahau.

Halafu Agosti. Shule zinafungwa kuanzia mwisho wa Julai, na mkataba wake unasema wazi: hakuna vipindi, nusu mshahara. Bima na kodi hazijui likizo. Agosti ile ilimwachia 71,000. Toa chumba 52,000. Inabaki 19,000. Mwezi mzima, mji wenye joto la kuyeyusha lami, na kiyoyozi anakiwasha kwa vipindi kama dawa.

Mwezi huohuo aliposti picha ya kakigori, ile barafu ya kukwangua yenye sharubati, bakuli zuri, mwanga mzuri. Mtu akaandika: "Wenzetu mnaenjoi." Akajibu na emoji ya kucheka.

Na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, Aprili mpaka Machi. Kila Februari anasubiri barua pepe ya kumwambia kama bado ana kazi. Hilo nalo nyumbani hakuna aliyelijua. Mtaani wanajua ni "mwalimu wa chuo huko Japani". Si yeye aliyesema hivyo. Ila hakusahihisha.

Tangazo

Usiku mmoja Januari 2025, simu ilionesha 11:20, yaani nyumbani saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa mdogo wake, yule mtoto wa mama mdogo mwenye meza Kariakoo. Sauti imejaa furaha.

"Shikamoo dada! Nilitaka nikufanyie sapraizi lakini nimeshindwa. Dada nakuja huko! Nimepata wakala. Nimeshalipa kishika nafasi milioni moja na nusu, mama anauza kiwanja cha Chanika tunamalizia. Nikifika nitakaa kwako wiki mbili tu, nikipata mshahara nahama."

Chini yake, tangazo. *Kazi za ualimu wa Kiingereza Japani. Mshahara milioni 6. Digrii si lazima. Unaingia kwa viza ya utalii, unabadilisha ukiwa huko. Gharama milioni 7.*

Na picha ya tangazo: dada chini ya mti wa sakura. Koti refu. Tabasamu la meno yote.

Alikaa chini sakafuni. Mdogo wake ana kidato cha nne. Bila digrii hawezi kupewa viza ya kufundisha, na kufanya kazi kwa viza ya utalii ni kuvunja sheria, ukikamatwa unarudishwa. Alijua kila kitu. Na alijua pia kwa nini kijana hakumuuliza kwanza. Aulize nini? Jibu si liko palepale kwenye picha?

Akampigia. "Mdogo wangu, huyo ni tapeli. Picha yangu ameiiba."

Kimya. Halafu: "Dada, lakini wewe si uko huko? Si unaishi vizuri?"

"Naishi, lakini si hivyo unavyodhani."

"Basi sawa." Akakata.

Nusu saa baadaye grupu la familia likawaka. Mjomba aliandika kwa herufi kubwa kwamba kuna watu wakishapanda juu wanavuta ngazi. Shangazi akasema wengine wakionja ya nje hawataki ndugu zao waonje. Mama mdogo hakuandika kitu, na hicho ndicho kilichouma zaidi, maana kiwanja ni chake na mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi.

Ilikuwa Alhamisi.

Dada akafungua faili la mishahara. Akaitafuta salari slipu ya Agosti. Aliiangalia sana. Hakuwahi kumwonesha binadamu yeyote, hata rafiki yake wa karibu. Akaandika:

"Shikamooni wazazi wangu. Hii ni ya Agosti. Nilibaki na 19,000 baada ya chumba. Si mwalimu wa chuo, ni msaidizi shule ya msingi. Mkataba unaisha Machi, sijui kama wataniongezea. Aliyetoa tangazo simjui, picha ameichukua kwangu. Mama mdogo, naomba usiuze kiwanja. Kama mnaona nabana, haya, nimewaonesha mfuko wangu."

Akabonyeza. Tiki mbili. Tiki za bluu. Hakuna aliyejibu.

"Aa yuu ookee?"

Kesho yake alifundisha vipindi vinne kichwa kikiwa kizito. Kwenye somo la salamu kuna kibwagizo ambacho Japani nzima inakijua: mwalimu anauliza "How are you?", darasa linajibu kwa wimbo mmoja, "I'm fine, thank you. And you?" Thelathini na kitu, sauti moja. Mwenye mafua, fine. Aliyegombana na mama yake asubuhi, fine.

Alipoanza kazi alikuwa anacheka. Siku hiyo hakucheka. Alikumbuka kwao: habari za asubuhi, nzuri. Hujambo, sijambo. Mgonjwa yuko kitandani na dripu, habari, nzuri, ila tu naumwa. Naye miaka miwili alikuwa anawajibu watu wa kwao kwa picha, nzuri, nzuri, nzuri, mpaka kiwanja kikatafutiwa mnunuzi.

Shule hiyo ina binti wa darasa la sita ambaye haingii darasani. Anafika shuleni, anaishia chumba cha huduma ya kwanza, anachora mpaka jioni. Hakuna anayemlazimisha. Dada alizoea kupita hapo mchana, anakaa dakika tano, wakati mwingine hawaongei kabisa. Binti hakuwahi kumsemesha Kiingereza hata neno moja.

Siku hiyo akapita kama kawaida, akakaa. Binti akaacha penseli, akamwangalia usoni. Akasema polepole, "Aa yuu ookee?"

Dada alifungua mdomo kusema "I'm fine". Haikutoka. Akasema, "No. Not today."

Binti akafikiri. Akasogeza boksi la penseli za rangi katikati ya meza. Wakachora wote mpaka kengele.

Jumamosi

Mnunuzi alikuja Chanika, akaambiwa kiwanja hakiuzwi. Mama mdogo hakutoa maelezo kwenye grupu. Alimtumia dada ujumbe mmoja tu pembeni: "Marahaba mwanangu. Kumbe ulikuwa unakula shida peke yako."

Milioni moja na nusu haikurudi. Wakala alipokea simu mara mbili, ya tatu namba ikawa haipatikani. Mjomba mpaka leo hamsalimii dada vizuri, na kwenye grupu bado anapenda kutania kuhusu watu wa ngazi. Si kila mtu alimwelewa, na huenda hawatamwelewa.

Barua pepe ya kampuni ilikuja wiki ya tatu ya Februari: mkataba umeongezwa mwaka mmoja, mshahara uleule, shule nyingine. Alifurahi, kisha akakumbuka chumba cha huduma ya kwanza. Ila binti naye alikuwa anamaliza la sita mwezi Machi, kwa hiyo wangeachana tu.

Mdogo wake alinyamaza wiki tatu nzima. Hakuna simu, hakuna stetasi, hata "shikamoo" hakuna. Kisha usiku mmoja, simu ikionesha tisa na nusu, wakati Kariakoo ni saa tisa na nusu alasiri na jua la Februari linachoma meza, ujumbe ukaingia. Maneno machache tu:

"Dada. Hivi Agosti ulikuwa unakula nini?"

Dada akaanza kuandika: *nilikuwa poa tu*. Akafuta. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akapiga simu badala yake, akamhadithia wali, mayai, na zile chipukizi za maharage ambazo pakiti moja ni chini ya yeni 50. Jinsi ya kuzipika njia kumi ili usichoke. Mwingine akacheka mpaka wateja wakageuka. Halafu akasema yeye na meza yake Januari nzima waliuza kava saba. Hilo dada hakulijua. Kwenye stetasi yake kila siku kulikuwa na mzigo mpya na maneno "biashara inasonga".

Wakaongea saa nzima, bando likakata mara mbili.

Ile picha ya sakura hakuifuta. Aliingia akahariri maneno ya chini. "Sensei life" ipo bado. Ila chini yake ameongeza: mshahara, makato, chumba, Agosti, digrii inahitajika, viza ya utalii si ya kazi, na onyo kwamba mwenye picha hana wakala popote. Laiki haziongezeki tena. Lakini kwenye ujumbe wa ndani, kila wiki anaingia mtu asiyemjua anauliza jambo la kweli: digrii yangu ya uhasibu inafaa? Nikija na mtoto itakuwaje? Anajibu mmoja mmoja akiwa kwenye treni, begi lake limekaa kiti cha pembeni.

Wewe je, salari slipu yako ya mwezi mbaya kuliko yote, ungeitupa kwenye grupu la familia?